Muulize Mzee wa Toyama: "Gari langu linaniambia nini kila asubuhi?"

Kwa wasomaji wapya: niliishi Japani miaka kumi na moja, karibu yote katika mji wa Imizu, mkoa wa Toyama, upande wa bahari unaoelekea Urusi. Watalii hawafiki sana huko. Kazi yangu ilikuwa kuchinja magari: injini huku, milango kule, kila kitu kinapangwa ndani ya kontena. Siku hizi niko nyumbani Bombo, Uganda, nauza spea, na barua zenu nazisoma hapa hapa dukani kati ya gia boksi na taa za nyuma. Mwezi huu zimekuja nyingi. Nimechagua hizi.

Shikamoo Mzee. Nimenunua Premio ya 2010 kutoka bondi ya magari. Kila nikiliwasha, sauti ya mwanamke inasema jambo kwa Kijapani, polepole na kwa adabu. Mke wangu anahofia ni mambo ya uganga. Fundi ameniomba laki mbili aitoe. Anasema nini huyo? – Mwenye Premio, Ntinda

Marahaba. Mwambie mama asiogope. Anachosema ni "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen", yaani kadi ya ETC haijaingizwa. Ni hayo tu, na ataendelea kuyasema mpaka gari life au umchomoe.

ETC ni mtambo wa kulipia barabara. Kule barabara kuu za mwendo kasi nyingi ni za kulipia, na tangu 2001 wamekuwa na kifaa hiki nchi nzima. Unaingiza kadi yako, unapita getini polepole, kilomita ishirini kwa saa hivi, kizuizi kinanyanyuka, na pesa inakatwa benki. Basi yule dada anamkumbusha mwenye gari asije akafika getini bila kadi akazuia foleni. Hana habari kwamba mwenye gari alishaliuza, likavuka bahari, likashukia Mombasa na kupanda hadi Ntinda. Hata ile barabara ya Entebbe tunayoilipia tangu Januari 2022 haijui. Tafuta kiboksi kidogo, ukubwa wa pakiti ya sigara, chini ya usukani au ndani ya kile kidroo cha mbele ya abiria. Chomoa waya wake. Kazi ya dakika kumi. Laki mbili ni wizi, na huyo fundi anajua.

Kwa kuwa umenifungulia mlango wa gari, acha niingie kabisa. Redio yako inapata stesheni chache tu, sivyo? Redio za kule zinashika FM kuanzia 76 hadi 90, na zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Zinakutana pale mwanzoni tu, halafu kimya, mpaka ufungiwe ekspanda, kifaa cha kuisaidia redio kushika stesheni zetu. Pia tazama chini, upande wa miguu ya abiria wa mbele, kama kuna kijiti chekundu kimebanwa ukutani. Mteja wangu mmoja alidhani ni baruti, akaliacha gari katikati ya barabara na kukimbia. Ni mwenge wa dharura. Sheria ya kule inataka kila gari liwe nao: ukikwama barabara kuu au juu ya reli unauwasha, unatoa moto mwekundu kama dakika tano ili dereva wa treni auone. Muda wake ni miaka minne, kwa hiyo wako umeshapitwa siku nyingi. Usiwape watoto wachezee.

Na lile swali ambalo wengi hunipigia simu kuniuliza: kwa nini mtu auze gari zima kama hilo? Watu hapa hudhani Mjapani ana pesa za kutupa. Hapana, anakimbia gharama. Gari jipya likifika miaka mitatu linapelekwa ukaguzi unaoitwa shaken, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi, kodi na bima ya lazima hulipwa pamoja, na mimi gari langu dogo halikuwahi kunitoka chini ya laki moja ya yeni. Gari likizeeka, na marekebisho yanapanda. Siku inafika mtu anapiga hesabu na kuona bora aliachie. Ukitaka jingine, mara nyingi ni lazima kwanza uthibitishe kwamba una mahali pa kuliegesha, si zaidi ya kilomita mbili kutoka nyumbani kwako. Fikiria sheria hiyo hapo Ntinda.

Nilimwona mzee mmoja aliyeliosha gari lake, akapangusa viti, akang'arisha na vioo, halafu ndipo akatuletea tulichinje. Nilimwuliza bosi wangu sababu. Akanitazama kama mtu niliyeuliza kwa nini maiti huoshwa.

Mzee, mimi ni mwalimu wa P4. Naona picha za watoto wa Japani wakipiga deki shule. Hapa mzazi akimwona mtoto wake na ufagio anakuja juu, anasema tumemgeuza kijakazi. Walifaulu vipi? – Mwalimu, Arua

Mwalimu, mzazi wako ana hoja. Katika shule zetu nyingi ufagio ni adhabu. Aliyechelewa anaosha choo, aliyepiga kelele anafyeka nyasi. Mtoto anajifunza kwamba usafi ni kazi ya mkosaji. Halafu siku moja tunamwomba asafishe kwa mapenzi!

Binti yangu alianza darasa la kwanza kule. Muhula unaanza Aprili, na barua ya kwanza kutoka shule haikuzungumzia ada wala vitabu. Iliomba vitambaa viwili vya kupigia deki, vilivyoshonwa kwa taulo kuukuu, vikiwa na jina la mtoto. Mke wangu akakaa usiku akishona kwa mkono. Baadaye tuligundua vinauzwa tayari dukani, na akina mama wengi wa pale walikuwa wananunua. Hajanisamehe mpaka leo kwa kutouliza mapema.

Usafi wenyewe ni robo saa hivi kila siku, na muziki unapigwa kwenye vipaza sauti. Watoto wanagawana sehemu: ngazi, korido, darasa, vyoo. Koridoni wanainama, viganja viwili juu ya kitambaa, makalio juu, wanakimbia kukisukuma hadi mwisho kama mashindano. Mwalimu naye ameinama na kitambaa chake. Hilo ndilo ambalo picha za simu hazionyeshi vizuri. Shule inaye mfanyakazi wa kuajiriwa, ila yeye anashughulika na mabomba, miti na milango iliyovunjika.

Mchana chakula kinaliwa darasani, na watoto wa zamu wanavaa makoti meupe na kofia, wanapakulia wenzao. Hapo sisi tulipata mtihani, maana nyama ya nguruwe ilikuwa ikirudi rudi. Ratiba ya chakula ilikuja nyumbani mwanzoni mwa mwezi, na mke wangu aliipika upya ratiba ile ile kwa nyama halali: siku ya kari naye kapika kari, siku ya mipira ya nyama naye kapika mipira ya nyama, ili bakuli la mtoto lifanane na la jirani yake. Miaka mitatu, saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini kule mtoto akiwa na bakuli la rangi tofauti, darasa zima linaliona, nasi tulikuwa tumeshachoka na watu kumshika nywele.

Kama utajaribu Arua, ondoa kwanza ufagio kwenye adhabu, muhula mzima. Halafu ingia darasani na kitambaa chako mwenyewe. Na usiwaonee wivu walimu wa kule. Mwalimu wa binti yangu nilikuwa nikipita saa tatu usiku naona taa ya ofisi yao bado inawaka.

Ni kweli wanakula samaki mbichi? – Bodaboda, Mbale

Kweli, na ni tamu. Wa baharini lakini. Ngege au mputa wa Ziwa Victoria usijaribu, ndugu yangu. Hata Wajapani wenyewe samaki wa maji baridi akiwa mbichi wanamwogopa, kwa ajili ya minyoo.

Mzee, kijana wangu anasema ukiangusha pochi Japani inakurudia na pesa zake zote. Mimi niko soko la Owino miaka ishirini, siamini. Au hao waliumbwa na mioyo mingine? – Mama wa mivumba, Kampala

Mama, mioyo ni ile ile. Nikusimulie mambo mawili.

La kwanza, pochi yangu ilianguka stesheni ya Kosugi ikiwa na yeni elfu kumi na moja na kitambulisho cha ukaazi. Kesho yake jioni nikapigiwa simu. Aliyeiokota alikuwa msichana wa sekondari. Sheria yao inampa mwokotaji haki ya kudai zawadi, kati ya asilimia 5 na 20 ya kilichopotea, na mwenyewe asipojitokeza kwa miezi mitatu kitu kinaweza kuwa chake. Nilimpigia kumshukuru na kumpa chake, akakataa, tena akaniomba radhi kwa kunisumbua. Sijaelewa alinisumbua wapi.

La pili, katika miaka hiyo niliibiwa miavuli mitatu. Toyama kunanyesha na theluji inaanguka mpaka watu wana msemo wao: sahau chakula chako cha mchana, mwavuli usiusahau. Unauacha kwenye ndoo mlangoni mwa duka, unatoka, haupo. Mtu yule yule ambaye angekimbia kilomita mbili kukurudishia pochi anachukua mwavuli wa plastiki bila kupepesa jicho. Na baiskeli? Kila baiskeli inaandikishwa kwa namba kisheria. Unadhani ingekuwa na haja hiyo kama hakuna anayeiba?

Kilichonishangaza mimi ni jambo dogo. Binti yangu, miaka saba, aliokota sarafu ya yeni kumi njiani akaipeleka kōban, kile kibanda cha polisi cha mtaani. Yeni kumi, hununui hata kabalagala. Askari akavaa miwani, akatoa fomu, akaandika: sarafu moja, mahali, saa. Alimwandika kama mtu aliyeleta dhahabu. Sasa Mama, ukiokota pochi pale Owino, ukataka kweli kuirudisha, utaipeleka wapi? Wengine wangesema kwa mwenyekiti wa LC, lile baraza la mtaa, wengine redioni. Wewe nenda, halafu uniandikie ilikwendaje.

Assalamu alaikum Mzee. Nina duka, wateja wananimaliza kwa mkopo. Nimebandika "Leo hapana, kesho ndiyo" lakini wapi. Je, Wajapani wanakopeshana? – Mwenye duka, Masindi

Wa alaikum salaam. Umeuliza mtu wa Toyama, na Toyama ndiko kwenyewe. Waulize Wajapani wa Tokyo mkoa wetu unajulikana kwa nini, wakubwa watakwambia: wauza dawa.

Mwezi wa tatu tangu tupange nyumba alikuja mwanamume wa makamo, tai shingoni, mkoba mzito mkononi. Akavua viatu, akapiga magoti kwenye kibaraza cha ndani na kutoa sanduku jekundu la karatasi ngumu, ukubwa wa boksi la viatu. Ndani mna dawa ya tumbo, ya homa, ya mafua ya watoto, plasta, mafuta ya kuchua. Nikamwambia kwa Kijapani changu cha gereji: sina pesa, na siumwi. Akacheka. Akasema vizuri, usipougua hulipi. Akaliacha sanduku akaenda zake.

Baada ya miezi sita akarudi. Akalifungua, akahesabu. Tulikuwa tumetumia pakiti mbili za plasta na dawa ya tumbo, akaandika daftarini, nikalipa yeni elfu moja na mia nne. Dawa zilizokaribia kuharibika akazitoa akaweka mpya bila kudai kitu. Binti yangu akapewa puto la karatasi lenye pembe nne, linalokunjwa likawa bapa kama bahasha. Kumbe hiyo ni zawadi yao ya jadi kwa watoto wa nyumba. Wazee wa pale wote wanaikumbuka.

Biashara hii ina zaidi ya miaka mia tatu. Husimuliwa kwamba mwaka 1690 bwana mmoja mkubwa alishikwa na tumbo ndani ya kasri la Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, na mtawala wa Toyama, Maeda Masatoshi, akampa dawa yake iitwayo hangontan. Tumbo likatulia, na mabwana wengine waliokuwepo wakaiomba iuzwe katika himaya zao. Kisa kama kilivyosimuliwa huenda kimetiwa chumvi, lakini wachuuzi wa Toyama kweli walienea nchi nzima, kwa miguu, matenga ya dawa mgongoni. Kanuni yao ni moja: tumia kwanza, faida baadaye.

Sikiliza sasa linalokuhusu. Mali kubwa ya mchuuzi huyo ni daftari kuliko dawa. Limeandikwa kila nyumba, ina watu wangapi, nani ana kifua, nani ana mtoto mchanga, walitumia nini, walilipa lini. Mchuuzi akizeeka, daftari lenyewe liliuzwa kwa mwingine kwa bei nzuri, kama mtu anavyouza shamba, kwa sababu anayelinunua ananunua watu wanaolipa. Aliyekuwa na jina baya ndani ya daftari lile, jina hilo lilirithiwa na mchuuzi wa pili na wa tatu.

Je, ningekushauri ukaache sabuni na sukari nyumba kwa nyumba huko Masindi? Hapana, utafunga duka kabla ya Ramadhani. Wateja wa kule waliishi nyumba moja babu na mjukuu; wateja wako nusu ni wapangaji, wakihama usiku wamehama. Hata kule biashara yenyewe imepungua, maduka makubwa ya dawa yako kila kona. Lakini daftari, ndugu yangu. Wewe mikopo yako umeiandika wapi? Nakisia: nyuma ya boksi la viberiti, na mingine kichwani.

Mzee, salaam za kijeshi. Nilisikia kwamba Wajapani wakichoma maiti, jamaa wanaokota mifupa kwa vijiti vya kulia chakula. Nikasema huo ni uongo wa mtandaoni. – Afande mstaafu, Gulu

Afande, ni kweli, nami nimesimama pale. Ila vijiti vile ni maalumu, si vya kulia.

Mama yake bosi wangu alifariki, akiwa na miaka tisini na kitu, na mimi nilikuwa nimekula kwake mara nyingi. Kule karibu kila maiti inachomwa, zaidi ya asilimia 99. Baada ya tanuri wanaletewa mifupa juu ya meza, meupe kabisa. Watu wawili wawili wanashika mfupa mmoja kwa pamoja, kila mtu na vijiti vyake, na kuutia ndani ya chungu. Wanaanza na ya miguu na kupanda hadi kichwa, ili marehemu asikae chungu kichwa chini. Bosi aliniambia nisilazimike. Nikatazama tu. Ndiyo sababu mezani huruhusiwi kupokezana chakula kijiti kwa kijiti. Kuchomeka vijiti wima katika wali nako ni mwiko, maana wali wa hivyo huwekewa marehemu. Mtoto akifanya hivyo bibi anamchapa kofi la mkono, na mgeni akifanya meza nzima inanyamaza.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na meza nyingine, na hapo Afande nilijisikia niko msibani Buganda. Mlangoni wamekaa watu wawili wakipokea rambirambi na kuandika daftarini: jina, anwani, kiasi. Mabugo! Kabisa. Nilikuwa na noti yangu ya elfu kumi, nimeitoa benki asubuhi, mpya, inakatika kama kucha. Mke wa mfanyakazi mwenzangu akaniona nikiitia kwenye bahasha, akanivuta pembeni. Msibani hupeleki noti mpya. Noti mpya maana yake ulijiandaa, ulikuwa unamngojea afe. Harusini ndipo wanapeleka mpya. Kama huna kuukuu, ikunje ipate mkunjo. Tukaikunja pale pale kwenye maegesho. Jina nalo huandikwa kwa wino uliofifia, wanasema ni kama machozi yameuchuja, na zinauzwa kalamu maalumu za wino huo hafifu.

Wiki kadhaa baadaye nikaletewa kifurushi nyumbani: chai na taulo, thamani kama nusu ya nilichotoa. Hiyo ni desturi, kila aliyetoa anarudishiwa. Nilikasirika kidogo, nikaona wamenikataa. Mke wangu alipenda: alisema angalau kule daftari linafanya kazi pande zote mbili. Alikuwa anamkumbuka baba yake, ambaye mabugo yake tulisikia yanatangazwa kwa kipaza sauti, na hesabu yake hatukuisikia tena.

Swali ambalo hukuuliza: sisi Waislamu je? Makaburi yetu kule ni machache na yako mbali. Niliwahi kulala macho nikifikiria nani atanisafirisha. Hilo lilichangia kunirudisha Bombo kuliko mambo mengine ninayowaambia watu.

Kule kuna LC1? – Katibu wa kijiji, karibu na Mbale

Kuna chōnaikai, umoja wa mtaa. Mnachanga ada, mnasafisha mitaro siku moja kama bulungi bwa nsi, ile kazi yetu ya pamoja ya kijiji, na kuna ubao mwembamba wenye karatasi za matangazo unaopita nyumba kwa nyumba. Unasoma, unaweka alama yako, unampelekea jirani. Ulipofika kwangu mara ya kwanza sikujua kusoma. Niliuweka mezani siku nne nikidhani ni zawadi. Mtaa mzima ulikwama. Siku ya tano bibi wa nyumba ya pili alibisha hodi, akauchukua, akanisomea kwa sauti mstari kwa mstari, polepole, kama anasomea mtoto: maji yatakatwa Jumanne. Akaendelea kunisomea miaka yote.

Ukiniuliza kilichonitia huzuni kule, ni barabara, usicheke. Theluji yetu ilikuwa nzito, maji maji, na katikati ya lami wametega mabomba yenye matundu yanayorusha maji ya kisima kuiyeyusha. Ujuzi huo ulianzia Nagaoka, katika mkoa wa jirani, miaka ya 1960 mwanzoni. Maji yana chuma, kwa hiyo mwaka hadi mwaka yanaitia lami kutu. Theluji ikiondoka mwezi wa tatu, unakuta barabara ni nyekundu. Nyekundu ya murram, ile ile. Mara ya kwanza nilisimamisha gari pembeni nikakaa kidogo.

Mzee, sisi majirani zako hapa Bombo tunakuona unaosha chupa za maji na kuzibandua karatasi kabla ya kuzitupa. Watoto wanasema umepata kitu kichwani. – Jirani

Nimekusoma, na mwandiko wako naujua.

Kule chupa ya plastiki unaisuuza, unabandua lebo, unatoa kifuniko, unaikanyaga, halafu unaipeleka siku yake. Makopo siku yao, vinavyoungua siku yao. Mfuko wa mtaa wetu ulikuwa unaonyesha ndani, na jina lako liko juu yake. Mimi wiki ya pili nilichanganya. Jioni nikaukuta mfuko wangu umerudi mlangoni, peke yake, umebandikwa karatasi nyekundu, na majirani wote wamepita wakauona. Hakuna aliyenisema hata neno. Afadhali wangenitukana. Tangu siku hiyo mikono yangu inabandua yenyewe, hata akili ikiwa msikitini. Na juu ya mifuko wanatandika wavu, kwa sababu ya kunguru. Kalooli, yale makorongo yetu ya majalalani, hawawajui, wangehitaji wavu wa chuma.

Unajua na mimi najua kwamba nikishabandua na kuosha, lori linakuja linachanganya vyote na maganda ya matooke. Dampo la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024 na kufukia watu, niliacha kwa mwezi mzima. Niliona najidanganya. Halafu nikajikuta nimesimama kwenye bomba, chupa mkononi, lebo imeshatoka.

Vifuniko situpi, nawapa vijana wa boda pale steji wachezee drafti, bluu kwa nyeupe. Juzi wamenitumia ujumbe kwamba vyeupe vimepungua, eti nibadilishe aina ya maji ninayokunywa.